Naomba ushauri: pointi gadi wawili madogo, nafasi ni moja

Wakuu habari zenu. Nasaidia kutafuta wachezaji kwenye timu ya kikapu ya kulipwa, tunataka pointi gadi (yule anayepandisha mpira na kupanga mashambulizi) mmoja kijana. Wa kwanza ana miaka 19, anafunga balaa, mbio, dribo za kumlaza beki chini, mashabiki washamjua. Wa pili ana 20, pointi zake za kawaida sana ila akiwa ndani timu inatulia, akitoka tu kila mtu anadribo kivyake. Kocha anamtaka wa kwanza, mimi moyo uko kwa wa pili ila hoja sina. Nyie huwa mnaangalia nini?

MzeeWaPasi: Linganisha asisti (pasi zinazozaa pointi) na mipira anayopoteza mkuu. Anayetoa 6 na kupoteza 2 namchukua mbele ya anayetoa 8 na kupoteza 5. Na uangalie mechi nzima sio klipu, maana pasi safi mwenzake akikosa kufunga haihesabiwi popote, na klipu zimejaa mazuri tu.

KonaYaKushoto: Mwangalie kwenye skrini, yaani mwenzake mrefu anaposimama kumzibia njia beki anayemkaba. Beki anayemkaba yule mrefu anaweza kubaki nyuma, kupanda juu, wakabadilishana au wakamvamia wote wawili, sasa dogo mwenye jibu moja kwa hayo yote atasomwa mapema sana. Tazama macho yake, je anamwona mwenzake aliye kona ya upande wa pili KABLA skrini haijafika? Beki wa kona akiingia ndani hatua moja tu kusaidia, mpira uwe ushatoka mkononi.

Sekunde24: Mimi napingana nanyi, chukua wa kwanza. Mbio hazifundishwi, kusoma mchezo kunakuja na umri. Jason Kidd, pointi gadi wa NBA, alianza akisemwa hajui kurusha, kastaafu 2013 akiwa kati ya waliofunga pointi tatu nyingi kuliko wote NBA.

MzeeWaPasi: Kidd alikuwa anaona pasi tangu siku ya kwanza bana, alichoongeza ni mtupo, umenisaidia hoja yangu hahaha. Na Jalen Brunson je? 2018 timu za NBA zilipogawana wachezaji wapya alichukuliwa namba 33, wakisema mfupi na hana mbio, baadaye akawa nyota.

Mleta uzi: Huyo wa pili naye mfupi, ndo kocha anaponibania.

KonaYaKushoto: Basi swali ni difensi, maana wapinzani watamtafuta yeye kila skrini. Anasukumika? Anapigana kupita skrini au anaganda nyuma yake? Mfupi mwenye kifua anavumilika. Angalia na asilimia ya fri thro (mitupo huru ya adhabu), kwa dogo mwenye mechi chache inakuambia mkono wake ukoje kuliko zile pointi tatu.

Sekunde24: Waite wote mazoezini, wabane uwanja mzima, wavuke katikati ndani ya sekunde 8 huku wamechoka, wape wachezaji wenza wasiowajua. Halafu kocha akague nani anapanga wenzake kwa mdomo.

Mleta uzi: Hii ya wenza wasiowajua nimeipenda, wa kwanza sijawahi kumsikia akiongea uwanjani. Naipeleka kwa kocha kesho.