Eti "ulilala kwenye basi", kwa hiyo posho ya usiku huo hakuna!

Wakuu salamu. Naandika nikiwa na hasira, lugha ikipitiliza mnivumilie. Mods, tafadhali msiunganishe uzi huu na ule wa nauli, huu ni wa waajiri.

Mimi ni fundi wa mashine za maabara za hospitali. Nimeajiriwa na kampuni binafsi hapa Dar, jina nalihifadhi maana bado nakula hapo. Kwa mwezi nasafiri mara mbili, tatu: Mbeya, Sumbawanga, Songea, Dodoma, Tabora. Natembea na sanduku la vifaa la kilo 18 ambalo haliingii kwenye buti hata konda anitukane vipi, kwa sababu ndani kuna vipimo ambavyo vikigongwa kidogo tu vinaanza kusema uongo. Kwa hiyo sanduku linakaa kwenye nafasi ya miguu yangu, na miguu yangu inajua yenyewe pa kwenda.

Jumapili iliyopita saa saba mchana, nimetoka ibadani, pilau iko mezani, simu inalia. Mashine ya FBP, ile ya kupima damu, imezima kwenye hospitali moja Mbeya, kesho saa tatu asubuhi niwe pale. Nikauliza kuhusu ndege, nikacheka mwenyewe kabla sijajibiwa. (Bosi akienda kusaini mkataba hukohuko Mbeya anashuka Songwe kwa ndege, jioni anatutumia picha ya samaki wa kuchoma.) Jibu nililopata: "Panda la usiku, utalala humohumo."

Sasa niseme kitu. Mabasi ya usiku yaliporuhusiwa tena mwaka 2023 nilishangilia kama wengine wote. Kumbe aliyekuwa anashangilia kuliko mimi ni mhasibu wetu. Zamani basi lilikuwa linaondoka alfajiri, linakushusha Mbeya jioni. Ilikuwa lazima ulale gesti, uoge, uvae shati safi, ndipo uende kazini na akili zako. Hakuna aliyekufanyia hisani, ndivyo barabara ilivyotaka. Leo ule usiku kampuni imeuokota na kuuweka mfukoni.

Tumetoka Mbezi saa kumi na mbili jioni. Zaidi ya kilomita 800. Muvi inapigwa kwa sauti ya harusi mpaka Mikumi, pale matuta yanakuamsha kama ulibahatika kusinzia. Kitonga unapanda nyuma ya malori, unasali kimyakimya. Saa nane usiku tunasimamishwa kuchimba dawa, baridi ya Mafinga mwezi huu wa saba mnaijua, unarudi ndani meno yanagongana na jirani yako amekwisha kulala kwenye bega la siti yako. Jamani, huko ndiko "kulala"?

Nimeshuka saa mbili kasoro. Nimenawa uso kwenye choo cha kulipia cha stendi, nimebadilisha shati nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja maana sakafu ilikuwa mabwawa. Saa tatu niko maabara. Kazi ile nikiwa nimelala vizuri ni ya saa moja. Nimetumia saa nne. Mikono inatetemeka, nikaangusha skrubu moja ndogo ndani ya mashine, nikafungua nusu ya mashine kuitafuta. Foleni ya wagonjwa nje, wengine wanaambiwa wakapime hospitali nyingine. Mkuu wa maabara, mama mmoja mstaarabu sana, akaniuliza, "Mwanangu, unaumwa?" Niliona aibu ambayo kampuni yangu haitakaa iione, maana haikuwepo.

Hayo yote ningemeza. Kilichonifanya nifungue uzi ni marejesho ya masurufu, yaani hesabu ya pesa ya safari.

Nimerudi, nimepeleka karatasi zangu. Mhasibu kachukua kalamu nyekundu, kakata siku ya Jumapili. Namuuliza, dada yangu, mbona hivi? Bila hata kuniangalia: "Jumapili hukulala gesti. Ulilala kwenye basi." Yaani wao wenyewe ndio wameniambia nilale kwenye basi, halafu kulala kwenye basi kumekuwa kosa langu la kulipia! Na usiku wa Jumatatu nao kaukataa, kisa gesti niliyolala haina risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Gesti yenye EFD ninayoijua pale inazidi kiwango, na kiwango chenyewe ni 70,000 kwa siku, chakula humohumo, hakijaguswa tangu 2016. Serikalini walipandisha Julai 2022, mtu wa chini kabisa akatoka 80,000 kwenda 100,000. Sisi tunaambiwa tushukuru.

Ukilalamika, ofisi nzima inakucheka: "Acha hizo, si unaenda kula posho." Hii kauli ndiyo mzizi wa ujinga wote. Wanaobaki ofisini wanaamini safari ni zawadi, kwa hiyo kila unachoomba kinaonekana deko. Kuomba kufika jana yake jioni, deko. Kuomba siti ya mbele ili sanduku lipate pa kukaa, deko.

Na mimi napenda safari, ndiyo kinachoniuma. Nimejifunza zangu: shuka la kimasai halikosi begani, Juni mpaka Agosti ukienda Mbeya mchana kaa kushoto jua likupitie mbali, maji kunywa kidogo kidogo, na kazi ikiisha mapema napita Mwanjelwa kuchukua mchele wa kupeleka nyumbani. Treni ya umeme ya Dodoma ilipoanza 2024 ndiyo kabisa. Nauli ya kawaida 31,000, chini ya saa nne umefika, sanduku liko sehemu yake, unaenda chooni ukiwa umesimama kama binadamu. Mashine za Dodoma sijawahi kuzifanyia kazi mbovu tangu hapo. Mhasibu alilipa bila neno, siyo kwa kunihurumia, ni kwa vile treni haikumwachia usiku wa kukata.

Ninachotaka ni kidogo. Kama kazi ni saa tatu asubuhi Mbeya, nilale Mbeya. Basi.

Swali kwa wanasheria wa humu: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi saa 12 mfululizo za mapumziko kwa siku, na saa 24 kwa wiki. Jumapili ilikuwa ndiyo mapumziko yangu ya wiki. Saa 14 ndani ya basi kwa amri ya mwajiri, nimekumbatia vifaa vya mwajiri, ni kazi au ni mapumziko? Kama ni mapumziko, mbona nisingeruhusiwa kushuka Iringa kumsalimia shangazi? Kama ni kazi, kalamu nyekundu ya nini?

NYONGEZA: Wanaoniambia niache kazi, asanteni, nitumieni kwanza ada ya watoto wawili ya muhula huu. Aliyesema "andika barua kwa HR", HR ndiye aliyenipigia ile Jumapili. Na mkuu wa Mbeya uliyesema unajua gesti safi karibu na stendi yenye EFD na isiyozidi 35,000, weka jina hapahapa usije PM, tuko wengi. Niambie na kama maji ya moto yapo kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.