Wajibu wa mwananchi: tusubiri serikali itimize wake kwanza?

Habari zenu wana Mbeya na Nyanda za Juu wote. Kuna kauli naisikia kila kona, Mwanjelwa, Uyole, kwenye daladala, "serikali itimize wajibu wake kwanza ndo na mimi ntatimiza wangu". Mi naipinga na nataka tubishane kwa hoja.

Chukueni hili la risiti. Unaingia duka la vifaa vya ujenzi unataka bati, muuzaji kabla hata hajakutajia bei anakuuliza "ya risiti au bila risiti?", na wengi wetu tunachukua bila risiti maana bei inashuka, halafu jioni tuko kijiweni tunalalamika lori la viazi limekwama kwenye matope siku ya pili na zahanati haina dawa. Ile VAT ya asilimia 18 si mmegawana wewe na mwenye duka!

Najua mtasema hela zinaliwa. Kweli zinaliwa, ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inatoka kila mwaka tunaona. Ila someni Katiba ya 1977, Ibara ya 25 mpaka 28, ndo wajibu wetu ulipoandikwa: kufanya kazi, kutii sheria, kulinda mali ya umma, kulinda nchi. Ibara ya 27 haiishii kwenye kutong'oa vibao vya barabarani kwenda kuuza vyuma chakavu, inatutaka tupige vita uharibifu na ubadhirifu wa aina zote. Kwa hiyo kumuuliza mtendaji wa kijiji hela zimeenda wapi ni wajibu kabisa, sawa na kulipa kodi.

Sasa nendeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi mitatu, muone. Kijijini kwetu ikifika zamu ya mapato na matumizi nusu ya watu washaondoka, vijana wako barabarani na bodaboda, wamebaki wazee na kina mama wachache, mtendaji anasoma harakaharaka tofali, mchanga, fundi, jumla, anafunga daftari, swali hakuna hata moja. Ukija kutangazwa mchango mwingine wa darasa ndo watu wanawaka, "si tuliambiwa elimu bila malipo toka 2016, mchango wa nini tena!" Hoja hiyo ina uzito, asiye na kitu asilazimishwe na mtoto asirudishwe nyumbani, hapo niko na nyie. Lakini mchango wa kwanza ulivyotumika mlitakiwa muulize siku ile, daftari likiwa wazi mezani.

Haya, wa "serikali kwanza" nijibuni, nani ataisimamia hiyo serikali kama risiti hudai na mkutanoni huendi? Na nyie mnaosema raia mwema atii tu asiulize, nyie ndo siwaelewi zaidi, hiyo Ibara ya 27 mnaisomaje?