Timu inasema "tuko vizuri" kila wiki, mradi bado unachelewa. Nifanyeje?

Mratibu_K: Habari wadau. Nasimamia mradi wa kutengeneza mfumo wa kompyuta, timu ya watu 6, wote kazi wanaijua. Kila Jumatatu nauliza hali kikaoni, kila mmoja anajibu "inaendelea vizuri". Jedwali la maendeleo ya kazi ni kijani tupu, yaani hakuna tatizo. Kuna kazi imeandikwa asilimia 90 tangu mwezi uliopita, na leo bado ni 90! Wiki ya kukabidhi ndipo nasikia fulani alikwama kitambo, anasubiri data za mwenzake, na mwenzake hana habari kwamba anasubiriwa. Bosi anataka kuniongezea watu 4. Nikubali?

Nondo: Usikubali. Frederick Brooks, aliyewahi kusimamia miradi mikubwa ya programu kule IBM, alishalisema mwaka 1975: mradi wa programu uliochelewa ukiuongezea watu, unazidi kuchelewa. Wageni watafundishwa na haohao waliozidiwa. Halafu piga hesabu: watu 6 ni jozi 15 za kuwasiliana, watu 10 ni jozi 45. Hizo 15 tu zimekushinda.

Bi Hesabu: Mkuu, mara ya mwisho mtu aliposema "nimekwama" kikaoni, alijibiwaje?

Mratibu_K: Bosi alimuuliza mbele ya wote, "wiki nzima ulikuwa unafanya nini?"

Bi Hesabu: Basi hapo ndipo wote walipojifunza kusema "vizuri". Mtafiti Mmarekani Amy Edmondson alichunguza timu za hospitali miaka ya 1990, akakuta zile zenye uongozi mzuri ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi katika kutoa dawa. Kumbe huko watu walikuwa huru kuyataja; kwingine yalifichwa. Mimi jedwali la kijani tupu lingenikosesha usingizi.

Acha kuuliza hali. Uliza: unasubiri nini, kutoka kwa nani? Na asilimia zifute. Kazi imeisha na mtu mwingine ameijaribu, la sivyo haijaisha.

Mzee wa Saiti: Napinga kidogo. Si kila anayenyamaza anaogopa, wengine wanategea tu. Kila kazi iandikwe jina la mtu mmoja. Ukiandika "timu", hayupo wa kumuuliza.

Mratibu_K: Nimewaelewa. Ila bosi hakosi kikao hata kimoja. Namtoaje bila kumvunjia heshima?

Nondo: Mpelekee ripoti yake kila Ijumaa, umweleze ana kwa ana, na yale mabaya umwambie wewe mwenyewe. Kisha mwambie Jumatatu ni ya watendaji kupangana kazi. Mabosi wengi ukiwapunguzia kikao wanashukuru.