Wenye magari ya umeme, kobe ameshawatokea? Tupeane uzoefu

Baba wa Kibamba

Wakuu, habari za majukumu.

Nina Nissan Leaf ya 2013, betri ya kilowati-saa 24, huu mwaka wa pili. Kabla yake nilikuwa na IST. Kila nikisimama sheli kujaza upepo (upepo ndio kitu pekee kinachonipeleka huko siku hizi) nakutana na maswali yale yale: linatembea kilomita ngapi, betri ikifa itakuwaje, mvua ikinyesha halipigi shoti? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nimwage yangu hapa, na wewe mwenye lako ulete. Wa petroli, dizeli, gesi, pikipiki, wote karibuni, ila kila mtu aseme yaliyomkuta yeye, si ya shemeji yake.

Nianze na hela maana ndiyo mnayoisubiri. Kibamba hadi Posta na kurudi, pamoja na vizunguko vya sokoni na shule, ni kilomita 60. Gari linakula uniti tisa na nusu hivi kwa siku, nikihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji. LUKU ya elfu kumi inanipa uniti 28, kwa hiyo siku tatu zinakwenda. IST kwenye foleni ya Kimara ilikuwa inakunywa lita tano kwa safari hiyo hiyo, na mnajua lita inavyocheza karibu na elfu tatu kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitoa bei. Mafuta ya elfu kumi yalikuwa yananifikisha kazini, kurudi ni juu yangu.

Kitu ambacho sikukitegemea ni foleni kuwa rafiki. Gari la mafuta likisimama linaendelea kunywa. Hili likisimama limesimama, kinachokula ni AC na redio tu. Ukilikuta linateseka ujue liko barabara nyeupe, spidi mia, upepo unalipiga usoni. Hapo uniti zinayeyuka kama barafu ya Kariakoo.

Sasa machungu. Gari nililiagiza kwa picha. Dashibodi ya Leaf ina vijiti 12 pembeni vya kuonyesha afya ya betri, na kwenye picha vilikuwa vyote 12. Nikamwambia mke wangu tumeokota. Mwezi wa tatu tangu lifike vikawa tisa. Ndipo jamaa mmoja akanielimisha kwamba kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu, vijiti vikarudi kujaa kwa muda, kisha betri ikajisema yenyewe. Aliyeniuzia hapokei tena simu. Kwa hiyo anayenunua asiangalie vijiti. Achomeke kile kidude cha OBD kinachosoma kompyuta ya gari, afungue programu ya LeafSpy kwenye simu, asome asilimia ya afya ya betri. Kama muuzaji hataki, jibu umeshapata.

Kobe je? Leaf betri ikikaribia kuisha kabisa inawasha alama ya kobe kwenye dashibodi, na wewe unageuka kobe kweli. Mimi alinitokea siku ya msiba Bagamoyo, kama kilomita 70 kutoka kwangu kwa kupitia Goba. Nikajua nitachaji huko huko. Kufika, nimetoa pole, nimekaa na wanaume chini ya turubai, halafu nianze kuulizia soketi? Niliona aibu karibu saa nzima. Mwishowe nikamvuta kijana wa nyumbani pembeni, nikanunua LUKU ya elfu ishirini kwa mita yao, tukavuta waya wa eksitensheni kutoka barazani. Baada ya muda shangazi mmoja akauliza nani anaunguza plastiki. Ilikuwa soketi yangu. Ikabidi nichomoe nikiwa na umeme wa kubahatisha, na nikarudi bila AC, vioo wazi, nyuma ya lori. Nimefika Luguruni, Kibamba inanukia, kobe huyo. Bajaji ikanipita na dereva akanionea huruma. Aliyeniokoa ni fundi wa kuchomelea mageti, maana wale soketi zao ni za maana. Nikamlipa, tukapiga stori saa nzima gari likinywa.

Tangu siku hiyo waya wangu ni mnene, soketi ya nyumbani nimewekewa laini yake peke yake kutoka kwenye mita, na betri siichaji ikiwa imetoka juani. Leaf haina maji ya kupoza betri, na joto la Dar ndilo linaloila. Naegesha chini ya mwembe, nachaji usiku wa manane. Na kama ulikuwa kwenye ile tarifu ya uniti 75 za bei nafuu, iage mapema. Gari peke yake linapita uniti 200 kwa mwezi.

Haya, nimewapisha.

Gesi Tupu

Mkuu hongera, ila hesabu yako umeilinganisha na petroli. Tuliohamia gesi asilia umetuacha wapi? Mimi ni dereva wa mtandaoni, IST yangu ina mtungi wa kilo 11. Kilo ni 1,550, kwa elfu kumi na saba natembea kilomita 170 mpaka 180, na gesi ikiisha nabonyeza swichi narudi kwenye petroli. Kobe mimi namjua wa Prison Island tu.

Ubaya wake nausema. Buti imeliwa na mtungi. Abiria wa uwanja wa ndege akija na masanduku mawili, moja linakaa siti ya mbele, jingine anapakata. Na foleni ya kujaza. Hapa nilipo naandika niko kwenye mstari, mbele yangu nimehesabu magari 31.

Mtu wa Ruaka

Salamu kutoka Nairobi. Mimi niliuza gari la petroli mwaka 2023, mwezi ule wa Oktoba lita ilipogonga shilingi 217. Niliapa. Nikachukua Leaf ya kilowati-saa 40.

Shida yangu haikuwa gari, ilikuwa ploti. Naishi ghorofa ya nne, gari liko chini. Mwenye nyumba alisema nikichaji kwa stima ya korido wapangaji wengine watamla nyama. Nikajitolea kuweka mita yangu mwenyewe, akasema hataki nyaya zangu kwa ukuta wake. Miezi minne nilikuwa nalichaji kwenye maegesho ya duka kubwa, mimi nikikaa ndani ya gari na kompyuta nikifanya kazi kama mtu aliyefukuzwa kwake. Mwisho nilihama. Ndiyo, nilihama nyumba kwa sababu ya gari, mama yangu mpaka leo hajaelewa. Ninapokaa sasa nina mita ya peke yake, yenye ile bei ya magari ya umeme iliyokuja 2023: shilingi 16 kwa uniti mchana, 8 usiku, kabla ya kodi. Naweka saa ya gari ianze kuchaji baada ya saa nne usiku nikiwa nimelala.

Safari? Naivasha naenda na kurudi, lakini nimejifunza milima. Kutoka Nairobi kupanda hadi Limuru asilimia zinashuka mpaka unahisi kuna tundu mahali. Halafu kwenye mteremko wa kuingia bondeni unaondoa mguu, mota inageuka jenereta, asilimia zinarudi huku malori yananuka breki. Pedi za breki sijabadilisha hata mara moja. Tairi ndizo zinaisha haraka, gari ni zito na linaruka kama swala taa ikiwa kijani.

Mzigo wa Njombe

Mimi nabeba viazi Makete, Hilux ya dizeli, lita 80 kwenye tangi. Masika naingia kwenye tope la magoti. Nikifika kijijini umeme wenyewe wanauona ukija na kuondoka kama mgeni. Nikichaji nachajia wapi, kwenye jua la kukaushia pareto?

Sibezi. Nozeli nne nilizobadilisha mwaka jana bei yake siisemi hapa, mke wangu husoma humu.

Bi Mwalimu, Unguja

Assalaam aleikum. N'na gari ya umeme, naishi Fuoni na nasomesha skuli ya upande wa Mahonda. Kwenda na kurudi haifiki kilomita hamsini, na kisiwa chenyewe ukikivuka kutoka kusini hadi kaskazini hakizidi 90. Kwa hivyo hizo habari za kobe sisi tunazisoma tu. Natia TUKUZA, ndiyo LUKU yetu huku, nachaji mara mbili tatu kwa wiki, basi.

Langu mimi ni chumvi. Kila kitu hapa kinashika kutu, na sehemu ya kuchomekea nimeifuta mpaka mkono umechoka. La pili ni baba yangu mzee. Kakataa katakata kuuza gari yake ya petroli. Kila nikimsogelea ananikumbusha kiza cha miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipotushinda na kisiwa kizima kikawa hakina umeme. "Wakati ule ungekwenda skuli na punda," ananambia. Sina jawabu, nacheka.

Motari wa Kigali

Mimi si gari, ni pikipiki ya abiria. Huku tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya biashara mjini haisajiliwi kama si ya umeme, kwa hiyo sikuchagua, nilichaguliwa. Betri si yangu. Natoa iliyoisha, napewa iliyojaa, dakika mbili nimeondoka. Vilima vya Kigali inapanda kuliko ile ya mafuta, na mgongo hautetemeki jioni. Oili ya injini nimesahau harufu yake.

Tatizo ni saa kumi na mbili jioni, abiria wamejaa, unafika kituoni unaambiwa zilizojaa zimeisha, subiri. Wenzangu wanane mbele. Mwenye petroli angekuwa ameshabeba watu watatu.

Baridi Kali

Oslo hapa. Nyinyi mnalia na joto, njooni Januari. Kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri betri inapoteza karibu theluthi ya safari yake. Dawa ni kulipasha moto gari asubuhi likiwa bado kwenye chaja. Mwaka 2024 karibu magari mapya 9 kati ya 10 yaliyouzwa Norway yalikuwa ya umeme, kwa hiyo mtu akiwa na petroli mpya ndiye anaulizwa maswali. Ila naungana na ndugu wa Ruaka: hapa ilikuwa rahisi kwa sababu gereji ya jengo letu kila sehemu ya kuegesha ina chaja yake na mita yake.

Mgeni Mpole

Swali kwa wenyewe: nimepanga Tabata, nyumba moja, wapangaji wanne, LUKU moja tunachangia kwa zamu. Nimepata Leaf bei nzuri. Ninunue?

Baba wa Kibamba

Mgeni Mpole, usinunue. Bado. Mpangaji mwenzako akigundua uniti tisa zinaondoka kila usiku na yeye ana taa mbili na feni, mtafikishana kwa mjumbe. Ongea na mwenye nyumba, omba mita yako, ikishawaka ukutani ndipo uanze kuangalia gari. Nimeanza kuona hii biashara ya gari la umeme kwetu huku ni ya kuuliza mita ni ya nani kabla ya kuuliza betri ina asilimia ngapi. Mimi nimejenga, ndiyo maana naongea kwa kujiamini.

Na mgao nisiufiche. Mwishoni mwa 2023 umeme ulikuwa unakatwa hadi nikawa najua ratiba kuliko watu wa TANESCO. Nililala na gari lenye asilimia 18 nikapanda daladala siku mbili, nimening'inia mlangoni na ufunguo wa gari mfukoni. Tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere ianze kuwashwa 2024 nimepumua, ila mazoea ya kuchomeka kila nikifika hata kama betri iko nusu yamenibaki.

Halafu kuna moja nilisahau, na ndiyo itakayowachekesha. Asubuhi ya harusi ya mdogo wangu, gari lina asilimia 90, nabonyeza kitufe, kimya. Hata taa. Nikajua betri imekufa, nikaanza kuhesabu mamilioni. Kumbe ndani ya hili gari kuna betri ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote, na hiyo ndiyo inayoamsha kompyuta ziruhusu betri kubwa ifunguke. Ndogo ikilala, kubwa hata ikijaa ni mzigo tu. Jirani akaleta nyaya, gari la umeme likabustiwa na IST ya petroli mbele ya watoto wa mtaa mzima. Betri mpya nilinunua mchana ule ule nikiwa na suti. Angalizo kwa mafundi wetu: zile nyaya za rangi ya machungwa msiguse, hizo si za volti 12, zina zaidi ya 300.

Mtu wa Ruaka

Hahaha, ndugu, ya betri ndogo hata mimi, lakini mimi niliita lori la kuvuta. Umenizidi akili.

Mzigo wa Njombe

Kwa hiyo mwisho wa yote mnasukumwa na petroli. Nimelala vizuri leo.

Gesi Tupu

Mbele yangu yamebaki 14. Endeleeni kuandika, nasoma.