Naomba ushauri: Julien Sorel nimweleze vipi?

Wakuu, Jumamosi naongoza mjadala wa kikundi chetu cha usomaji kuhusu Le Rouge et le Noir, riwaya ya Mfaransa Stendhal (1830), na nimekwama kwa mhusika mkuu, Julien Sorel. Mtoto wa mpasua mbao wa Verrières, anapigwa na baba yake kwa kupenda vitabu, anamwabudu Napoléon kwa siri huku akivaa joho la kanisa kwa kuwa ndiko ngazi iliko. Hadi hapo namwelewa, hata unafiki wake. Lakini ameshapata uluteni, ndoa na Mathilde, binti wa mwajiri wake wa Paris, i karibu, halafu anakwenda kumpiga risasi Madame de Rênal, mpenzi wake wa zamani, kanisani! Ni ile barua ya Madame iliyomchafua Julien tu, au kiburi? Waliokisoma, mngeanzisha mjadala na swali gani?