Nimelipia "mapokezi na hija" Yerusalemu, nikaishia kufungiwa dukani

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza. Leo ni siku yangu ya tisa hapa Yerusalemu, nimekuja kusoma Biblia na lugha zake, na ofisi iliyonishughulikia safari imenifanyia uhuni.

Tuanzie uwanja wa ndege. Tiketi walikata wao, tarehe walipanga wao: Ijumaa, kutua jioni. Nilipouliza nani atanipokea nikajibiwa, "Panda treni hapo hapo Ben Gurion, nusu saa umefika." Treni ipo kweli, na ni nusu saa kweli. Ila Ijumaa jioni Sabato imeshaingia, na treni hazitembei mpaka Jumamosi jua lizame! Mabasi hivyo hivyo. Mtu anayekula kwa kusafirisha wanafunzi kuja Israeli hajui Sabato? Mtoto wa sandeskuli anaijua. Nimesimama na masanduku mawili mbele ya stesheni iliyofungwa, nawapigia kwa intaneti ya uwanja, hawapokei. Nikachukua teksi, hela ya chakula cha wiki nzima ikaishia njiani. Kufika bwenini, mlinzi hana jina langu kwenye orodha. Nimelala kwenye kochi la ukumbini.

Hayo niliyameza, ugeni una mambo yake. Kilichonichefua ni hiyo hija.

Mkataba unasema siku mbili za kutembelea mahali patakatifu, na tulilipia kabla ya kuondoka. Jumanne mwongoza wageni akatukusanya Lango la Damasko, akatupitisha Njia ya Msalaba mbio mbio. Vituo ni 14, vitano vya mwisho vimo ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu. Kituo cha tatu sijamaliza hata Baba Yetu, kibendera chake kimeshakata kona.

Ukiingia tu kanisani unakutana na lile Jiwe la Kupakwa Mafuta, linalokumbusha mwili wa Yesu ulivyoandaliwa kwa maziko. Bibi mmoja alikuwa amepiga magoti, amemimina mafuta juu ya jiwe, anayafuta taratibu kwa kitambaa, kisha anakikunja kile kitambaa na kukiweka kifuani. Nikataka nipige magoti pembeni yake. "Twende, twende, picha mtapiga nje!" Kwenye Kaburi lenyewe foleni ilikuwa imelizunguka, akasema hatuna muda, tutazame kwa nje. Kwa nje! Nimepanda ndege mbili nije kupita Kaburini kama mtu anayepita msibani bila kutoa pole?

Gethsemane tukafika saa sita na ushee, lango limefungwa, mapumziko ya mchana. Hiyo ndiyo kazi yake, na saa za kufunga hazijui. Tukaichungulia mizeituni kupitia vyuma.

Jumatano Bethlehemu, kilomita kama 10 tu kutoka hapa. Tukainama kwenye Mlango wa Unyenyekevu wa Kanisa la Kuzaliwa Yesu, kimlango cha mita 1.2 hivi, tukatazama nguzo. Nikauliza vipi kushuka pangoni kwenye nyota ya fedha, ile ya ncha 14 inayoonyesha mahali alipozaliwa. "Foleni ndefu, tutachelewa." Tutachelewa wapi? Dukani! Duka la vinyago vya mzeituni, saa moja na dakika ishirini, nimeangalia saa. Mlango ukafungwa nyuma yetu, tukaletewa chai, na yule mwongoza wageni akawa kaunta anaandikiwa kwenye kidaftari idadi ya vichwa alivyoleta. Sina ugomvi na mafundi wa Bethlehemu, wanauchonga mzeituni vizuri na wageni ndio riziki yao. Ugomvi wangu ni na aliyenipeleka pale kama mbuzi mnadani.

Sasa sikieni. Alhamisi nilikwenda peke yangu alfajiri. Kanisa la Kaburi halina kiingilio, wakuu! Foleni ilikuwa watu kumi na kitu. Nimeingia, nimeweka mikono kwenye lile bamba la marumaru mpaka padri wa Kigiriki akanigusa bega. Nikapanda juu ya paa, ambako watawa wa Kiethiopia wanaishi kwenye vijumba vidogo. Mzee mmoja akaninyooshea kidole kwenye benchi nikae, basi, hakuniuliza chochote. Na hapo nje, juu ya mlango mkuu, kuna kingazi cha mbao dirishani kinachoonekana kwenye michoro ya tangu karne ya 18. Hakiondolewi kwa sababu madhehebu sita yanagawana jengo, na hakuna anayesogeza kitu bila wenzake kukubali. Hata ufunguo unatunzwa na familia ya Kiislamu, na familia nyingine ya Kiislamu ndiyo inayofungua. Hakuna hata neno moja la haya tuliloambiwa na yule bwana tuliyemlipa.

Jana, Ijumaa alasiri, nikafuata Wafransisko, watawa wa Kikatoliki, kwenye Njia ya Msalaba. Hufanya hivyo kila Ijumaa, na anayetaka anaungana nao, hadaiwi kitu. Safari hii kila kituo tulisimama, tukasali.

Nimewaandikia ofisini kudai hela ya hizo siku mbili. Jibu: "Ratiba ilitekelezwa, sehemu zote zilizoorodheshwa mlifikishwa." Tulifikishwa! Mkataba ninao, risiti ninazo, na wenzangu wanne wako tayari kusaini barua. Aliyewahi kubanana na watu wa namna hii akarudishiwa chochote, anielekeze aliandika vipi na alianzia wapi.