Utabiri wa vimbunga 2025: nani hapa anaufanyia kazi?

Mama Nasra, League City, Texas. 5 Aprili 2025

Assalam aleikum, na habari zenu nyote.

Wale wa Chuo Kikuu cha Colorado State wametoa namba za msimu juzi: dhoruba 17 zitakazopewa majina, 9 kati yake vimbunga kamili, na 4 vimbunga vikubwa, yaani vya daraja la tatu hadi la tano. Wanasema uwezekano wa kimbunga kikubwa kutua popote kwenye pwani ya Marekani ni asilimia 51, na kwa pwani yetu ya Ghuba ya Meksiko asilimia 33.

Jirani yangu, mzee wa Kizungu aliyezaliwa Galveston, kanicheka nilipomtajia. Anasema kila Aprili wanatisha watu, ikifika Agosti wanageuza maneno. Baba Nasra kalishika hilo hilo. Anataka tungoje namba za Agosti ndipo tuamue kuhusu bima ya mafuriko, maana kwenye ramani nyumba haimo eneo la hatari na benki haikutulazimisha. Ndiyo kwanza tumenunua, kila senti ina kazi yake. Nyinyi mliokaa pwani siku nyingi, hizi asilimia mnazifanyia nini?

Baba Tima, Tampa. 5 Aprili

Mama Nasra, salaam. Mimi sizifanyii kitu.

Kutoamini nimetoka nako nyumbani. Oktoba 2023 Rais Ruto alitangaza kwamba mvua za El Niño za kutisha hazitakuwepo tena. Novemba mafuriko yakaua watu zaidi ya 100. Sasa nikija huku mtu anipe asilimia 51, nitaipeleka wapi?

Huku Florida nako tumeyaona. Mwaka 2022 walisema msimu utakuwa mkali, Agosti nzima ikapita bila dhoruba hata moja yenye jina, watu kazini wakawa wanawakejeli watabiri. Tarehe 28 Septemba kimbunga Ian akatua Cayo Costa, kusini mwetu. Siku chache kabla yake mstari wa njia waliyomtabiria ulikuwa unaelekea Tampa. Sisi tulichoona ni maji ya ghuba kuvutwa nje mpaka watu wakawa wanatembea kwenye tope. Tampa haijapigwa uso kwa uso na kimbunga kikubwa tangu 1921, na wenyeji wako wanaokuambia kabisa kwamba makaburi ya Watocobaga, wenye nchi wa zamani, ndiyo yanayoulinda mji. Mizimu, jamani, na hao hao wanatucheka Waafrika. Halafu 2024 kimbunga Helene akapita mbali kabisa baharini, akaenda kutua Big Bend, kaskazini mwa Florida, na bado maji ya bahari yakaingia majumbani Pinellas, jirani zetu hapa, kuliko ilivyowahi kupimwa. Kimbunga hakikutua kwetu, maji yametua.

Kwa hiyo mimi mambo ya msimu simo. Nafuata Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Miami dhoruba ikishazaliwa. Zikibaki siku tatu, makosa yao ya njia kwa wastani ni kilomita 150 hadi 200, hiyo unaweza kuipangia. Kingine, jua zoni yako ya kuhama, na usiichanganye na zoni ya bima. Huku zoni A ya kuhama ndiyo inayoondoka kwanza. Kwenye ramani ya bima kuna A na X za kwao, na nyumba inaweza kuwa X ya bima, salama kabisa kwa benki, halafu ikawa ya kuhama mapema. Nimeona watu wazima wanabishana na polisi barabarani kwa sababu ya herufi hizo.

Ami Khamis, Galveston. 6 Aprili

Mwanangu Mama Nasra, wa aleikum salaam. Nitaandika kirefu, mnisamehe, leo sina zamu.

Huyo mzee jirani yako ana haki nusu. Hizo namba za mwanzo, 17, 9 na 4, ni hesabu ya bahari nzima, kuanzia Cabo Verde mpaka Brownsville. William Gray ndiye aliyeanza kuzitoa pale Colorado State mwaka 1984, na wanafunzi wake wanaendelea nazo. Wanaangalia joto la bahari, wanaangalia kama Pasifiki kuna El Niño, yaani maji yake kupata joto kupita kawaida, maana El Niño ikiwepo pepo za juu Atlantiki hukata vichwa vya dhoruba kabla hazijakomaa. Mambo hayo huenda polepole, ndiyo maana mtu anaweza kuyasoma miezi kabla. Na hawabahatishi. Aprili 2024 walisema 23, 11 na 5, zikaja 18, 11 na 5. Mimi sina ugomvi na hesabu hiyo.

Ugomvi uko kwenye kutua. Kimbunga kinapelekwa na pepo za wiki ile ile. Kuna shinikizo kubwa la hewa hukaa upande wa Bermuda. Likitanuka kuja magharibi, dhoruba inasukumwa kwetu, likinyong'onyea, dhoruba inageuka kaskazini na kufia baharini. Hakuna anayejua mwezi wa Aprili shinikizo hilo litakuwa limelala wapi tarehe 10 Septemba. Serikali yenyewe, wale NOAA, idara ya bahari na hali ya hewa, kila Mei wanapotoa matazamio yao huandika wazi kwamba si utabiri wa kutua. Sentensi hiyo watangazaji wa televisheni huiruka.

Basi tizama miaka. 2010 zilikuja dhoruba 19, vimbunga 12, hakuna kimbunga hata kimoja kilichotua Marekani. 1983 zilikuja dhoruba nne tu, msimu mkavu kupita kiasi, na mmoja wa hao wanne alikuwa Alicia, akatua hapa hapa kisiwani tarehe 18 Agosti na kwenda kumwaga vioo vya maghorofa ya Houston barabarani. 1992 ulikuwa msimu wa kulala, na wa kwanza kupewa jina la herufi A akawa Andrew, akaufuta mji wa Homestead, Florida. Kwetu Pemba ukiambiwa huu ni mwaka wa karafuu, hujaambiwa kwamba mkarafuu wa nyuma ya nyumba yako utazaa.

Na hiyo 33 yako. Hiyo ni pwani yote kutoka ule mkono wa Florida wa kaskazini-magharibi mpaka mpaka wa Meksiko. Mwaka wa kawaida ni 27. Kutoka 27 kwenda 33 kwa pwani ndefu vile, ukiigawa mpaka ifike League City, unabakiwa na nini? Mtu anayebadilisha mipango ya nyumba kwa tofauti hiyo anajichosha. Lakini, na hapa ndipo nusu ya mzee wako inapoishia, asiyejiandaa kwa sababu tofauti ni ndogo hajaielewa hesabu. Ile 27 ya mwaka wa kawaida yenyewe ni kubwa. Tunaishi juu yake kila mwaka, namba zitoke zisitoke.

Ukija Galveston nitakupeleka mtaa wa Strand. Kwenye kuta za maduka wamebandika vibao vidogo vinavyoonyesha maji ya kimbunga Ike yalifika wapi Septemba 2008. Simama chini ya kimojawapo, inua mkono. Ike kwa upepo alikuwa daraja la pili tu, na watu wengi hawakuhama kwa sababu ya hiyo "la pili". Daraja linapima upepo, halipimi maji.

Mji huu una historia na wanaojua pia. Mwaka 1891 mkuu wa kituo cha hali ya hewa hapa, Isaac Cline, aliandika gazetini kwamba kudhani kimbunga kinaweza kuiangamiza Galveston ni upuuzi. Tarehe 8 Septemba 1900 kikaja, watu wasiopungua 6,000 wakafa, na mkewe Cline akiwa mmojawao. Sisi Wazanzibari tusijione mbali. Kile cha Aprili 1872 kilizamisha majahazi ya Sayyid Barghash na kulaza mikarafuu ya Unguja, Pemba ikapona. Nani alikuwa akikitazamia kimbunga Unguja?

Sasa la fedha, ambalo ndilo uliloliuliza. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Bima ya mafuriko ya serikali, ukiinunua leo, inaanza kufanya kazi baada ya siku 30, isipokuwa inapoambatana na mkopo wa nyumba. Baba Nasra akingoja namba za Agosti kisha akalipa, Septemba inamkuta nje, na Septemba ndiyo kilele. Na League City mko eneo la bima ya upepo ya pwani ya Texas, wale TWIA. Kimbunga kikishaingia Ghuba hawapokei mteja mpya. Halafu soma kipengele cha kimbunga kwenye bima yenu, kile unachobeba mwenyewe kabla hawajalipa. Mara nyingi ni asilimia ya thamani ya nyumba. Asilimia 2 ya nyumba ya dola 300,000 ni 6,000, na hizo zinatoka mfukoni mwako.

Ama ramani, kimbunga Harvey 2017 alizamisha nyumba nyingi mno zilizokuwa nje ya eneo la hatari la ramani. Mji wa Nederland, hapa hapa Texas, ilipimwa mvua ya inchi 60 na nusu, kama milimita 1,540. Ramani haikuchorwa kwa ajili ya hiyo.

(Baba Tima, kuhusu mizimu: nyingi ya dhoruba kubwa za Atlantiki huanza kama mawimbi ya hewa yanayotoka Afrika, na mengine chanzo chake ni huko milima ya Ethiopia na Sudan. Usiwacheke sana.)

Mama Furaha, Houston kusini-magharibi. 6 Aprili

Jambo kwenu wote. Asante Papa Khamis. Sisi wenye kulipa apatimenti tu, nyumba si ya sisi, hii mambo ya bima inatuangalia aje? Wakati wa Harvey wenye chini walipoteza matandiko, mashini ya kushona, makaratasi yote. Mwenye nyumba alitengeneza ukuta, basi. Na ile makaratasi ndiyo iliuma zaidi, juu ya kutafuta tena vyeti vya kambi ya wakimbizi ni kazi ya mwaka.

Ami Khamis. 6 Aprili

Mama Furaha, mpangaji anaweza kununua bima ya mafuriko ya vitu vya ndani peke yake, hadi dola 100,000. Ukichukua kiasi kidogo, inapungua bei. Bima ya kawaida ya mpangaji nayo hailipi mafuriko, uliza waziwazi kabla hujatia sahihi. Vyeti: piga picha zote, mtumie mtu aliye mji mwingine.

Dada Neema, Houston. 7 Aprili

Mimi ni muuguzi, na msimu ukifika huwa natajwa kwenye kikosi cha kubaki hospitali mpaka kimbunga kipite. Niongeze kidogo tu, kwa wale wanaosema "la kwanza tu".

Kimbunga Beryl alitua Matagorda, pwani yetu ya Texas, tarehe 8 Julai 2024, daraja la kwanza, asubuhi. Wateja zaidi ya milioni mbili wakakosa umeme, wengine zaidi ya wiki, na joto lile la Julai mnalijua. Waliokuja kwetu siku zilizofuata hawakuangukiwa na paa. Walikuwa wazee waliopigwa na joto, watu wa mashine za oksijeni zilizozimika, na waliovuta moshi wa jenereta. Jenereta haiwekwi gereji hata mlango ukiwa wazi, wala chini ya dirisha. Nunueni kile kipima hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, cha betri, ni bei ndogo. Na kama una mgonjwa wa mashine, mwandikishe mapema kwenye orodha ya jimbo ya wanaohitaji msaada wa kuhama, simu 211.

Sikubaliani na wanaosema kila mtu akimbie. Mwaka 2005, hata mwezi haujatimia baada ya kimbunga Katrina, Houston nzima ilimkimbia mwenzake Rita. Foleni ililala barabarani kwa joto, na waliokufa njiani walikuwa wengi kuliko waliouawa na upepo na maji. Mwenye zoni ya pwani ahame akiambiwa. Aliye bara asizibe njia.

Baba Tima. 7 Aprili

Ahsante dada. Ami Khamis, mizimu nimeiacha.

Mama Nasra. 9 Desemba 2025

Naifufua hii. Msimu umefungwa: dhoruba 13, vimbunga 5, na vikubwa vinne kama walivyosema Aprili. Kimbunga kilichotua Marekani, hakuna hata kimoja. Baba Nasra tangu Novemba anapita sebuleni akisema "nilisema mimi", na jirani naye anamwitikia juu ya ua. Bima ya mafuriko tuliikata mwezi wa Mei baada ya barua yenu. Sasa anasema pesa imekwenda bure, tusihuishe. Nikimwonyesha kimbunga Melissa alivyoifanya Jamaica tarehe 28 Oktoba, upepo wa kilomita 295 kwa saa, anajibu Jamaica si Texas. Nimjibu nini?

Ami Khamis. 10 Desemba

Usimjibu kwa Jamaica. Mjibu kwa Oktoba yenyewe. Serikali kuu ilipofungwa tarehe 1 Oktoba kwa kukosa bajeti, idhini ya mpango wa bima ya mafuriko nayo iliisha, hawakuuza bima mpya mpaka katikati ya Novemba. Waliokwisha kuwa nayo waliendelea kulindwa. Aliyekuwa anangoja aone mambo yanakwendaje hakuwa na pa kununua, hata kwa fedha taslimu, na msimu ulikuwa bado uko wazi.

Lingine: kwa nyumba ya kuishi mwenyewe, ongezeko la bei kwa mwaka lina kikomo cha asilimia 18 kwa waliomo. Mkiiacha ikalala zaidi ya siku 30 baada ya kuisha, mkirudi mnaweza kuanza kwa bei kamili. Piga hesabu ya hizo bei mbili, mwekee mezani. Yenu inaisha Mei, kwa hiyo wakala apigiwe Machi.